MBOLEA HAI ISIUZWE KAMA SUKARI



Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Kule kwetu pakiti moja iliyoharibika imeipaka matope mbolea ya bakteria, ile inayopakwa kwenye mbegu za maharagwe na soya.

Masika yaliyopita mama alinunua pakiti hiyo sokoni. Niliiona mwenyewe dukani, imetundikwa chini ya mabati, jua likiipiga mchana kutwa. Tukapanda. Wiki ya sita nikang'oa shina moja, nikatazama vifundo vya mizizi kama tulivyofundishwa. Vilikuwa vichache, na nilipovipasua, ndani vilikuwa vyeupe. Vinavyofanya kazi huwa vyekundu kidogo, kama vina damu. Mama akasema, "Mwanangu, hiyo pesa tumetupa. Usinitajie tena mbolea ya kijipakiti."

Sikumlaumu. Lakini mwalimu wa Bayolojia alinieleza kwamba ndani ya pakiti mna viumbe hai, na joto kali huwaua. Basi nadhani sisi tuliuziwa maiti!

Kinachoniuma ni kwamba ujuzi huu tunao hapa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuchunguza bakteria hawa pale Kabete miaka ya 1970. Mwaka 2008 kilikubaliana na kampuni ya MEA ya Nakuru itengeneze mbolea yake, Biofix, kwa wingi. Hata unga unaowabeba bakteria hao hutokana na taka za viwanda vya sukari. Gramu 100 tu hutosha mbegu kilo 15! Sasa kumbuka mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea kutoka ng'ambo ulipopita shilingi 6,000. Na hewa juu ya shamba letu imejaa naitrojeni ya bure.

Wengine watasema makosa ni ya mkulima, hasomi maagizo. Ni kweli wako wanaoipaka kwenye mahindi, na mahindi hayafaidiki nayo. Wengine huzianika juani mbegu walizokwisha kupaka. Lakini mkulima atasoma vipi maagizo ya kitu kilichokufa dukani?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, wenye maduka wafundishwe na wakaguliwe. Chanjo ya kuku wanaiweka kwenye friji, mbona hii waitundike juani? Pili, sisi tunaosoma tuwasaidie wazazi kuangalia tarehe ya mwisho kabla hawajalipa. Tatu, shule yetu ipande mistari miwili ya maharagwe, mmoja wenye bakteria na mwingine bila, wazazi waing'oe wenyewe siku yao ya kututembelea.

Mama haamini maneno yangu tena. Labda ataamini mizizi.