Ndoo Nne za Vitunguu, Makato Mara Tatu



Naandika nikiwa Ruaha Mbuyuni, pale mabasi ya Mbeya na Tunduma yanaposimama kabla ya kuanza kupanda Kitonga. Mnaopita hapa mnajua: basi halijatulia, ndoo za vitunguu na nyanya zishafika dirishani. Zamani abiria alitoa noti. Siku hizi anachungulia na kuuliza, "Mama, una lipa namba?"

Dada yangu hana, anatoa namba yake ya kawaida. Wiki iliyopita tulikaa usiku na daftari. Siku hiyo aliuza ndoo nne kwa simu. Jioni akatoa hela mara tatu: ya kumlipa mwenye shamba, ya kikoba, ya mboga. Kakatwa mara tatu. Tulipojumlisha, faida ya ndoo moja ilikuwa imeyeyuka. Akaniuliza, "Mdogo wangu, mimi nauza vitunguu au nauza hela yangu mwenyewe?"

Tuanze na yale tunayoweza kufanya wenyewe, maana siasa bila msaada kwa mama muuza vitunguu ni kelele tu.

Kwanza, tumia lipa namba, siyo namba binafsi. Hesabu za biashara zinajitenga, na historia ya mauzo inaweza kukusaidia ukiomba mkopo. Kabla ya kusajili, linganisha mitandao, uliza kila mmoja unakata nini na wakati gani. Pili, usitoe hela kidogo kidogo. Makato yako kwa madaraja, kwa hiyo kutoa mara tatu kwa kawaida ni ghali kuliko kutoa mara moja. Tatu, hela iliyoingia kwa simu ilipe kwa simu. Mwenye shamba akiwa na lipa namba yake, huna haja ya kwenda kwa wakala. Na wenye hoteli na vituo vya mafuta wenye mashine za kadi, bei ya benki inajadilika. Tuseme unakatwa asilimia 3: kwenye mauzo ya milioni moja ni 30,000. Nenda benki mbili, waambie washindane. Mkienda kama kikundi mna nguvu zaidi.

Lakini wajameni, hata ukiwa mjanja vipi, kuna ukuta. Ndani ya makato hayo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na VAT. Yaani mtandao unakata, halafu serikali inakula juu ya kilichokatwa. Halafu tunahubiriwa uchumi wa kidijitali!

Msiseme haiwezekani kubadilika. Tozo ya miamala ilianza 15 Julai 2021. Watu wakapiga kelele mtandaoni, sokoni, kwenye daladala. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Haikuwa huruma, ilikuwa sauti zetu.

Wenzetu wamefanya. India, tangu Januari 2020, ilifuta ada anayokatwa mfanyabiashara kwa malipo ya UPI. Brazil, benki kuu ilizindua Pix Novemba 2020, na mtu wa kawaida anatuma hela bure. Ulaya iliweka kikomo mwaka 2015 kwa ada ambayo benki zinatozana kwenye malipo ya kadi: asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa za mkopo. Na sisi Benki Kuu yetu ina mfumo wake, TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu. Barabara ipo, kilichobaki ni kuamua nani alipie geti.

Madai yetu yawe matatu: malipo madogo ya lipa namba yasiwe na makato kwa muuzaji, ushuru wa asilimia 10 uondolewe kwenye miamala hiyo, na bei zote zibandikwe kwa Kiswahili kwa kila wakala.

Kamanda, kazi yako wiki hii ni ndogo. Kaa na mama, dada au shangazi mwenye biashara, fungueni simu, jumlisheni makato ya mwezi mzima. Ukipata jumla, ibebe kwenye mkutano wa kijiji, msomee diwani mbele ya watu. Mimi ya dada yangu ninayo mfukoni tayari.