Krismasi kwa Jirani wa Nakonde

Miongoni mwa watu wa Tunduma ambao kila uchao huvuka mpaka kwenda Nakonde kununua na kuuza, kubadili shilingi kwa kwacha na kudai deni lililochelewa, ni wachache mno, kwa jinsi nionavyo, waliopata kuketi upande ule siku ya Krismasi wakiwa wageni tu, pasina mzigo begani wala hesabu kichwani. Na huu nauona kuwa ni upungufu mkubwa katika ujirani wetu.

Mpaka huo hatukuuchora sisi. Ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, yaliyowagawa Wanyamwanga, watu wa nasaba moja, wakawa chini ya dola mbili. Na dini ya Kikristo nayo ikawafikia kwa njia mbili, kwani waliobaki upande wetu walifundishwa na Wamoravian wa Kijerumani waliojenga kituo Mbozi, ilhali ndugu zao wa ng'ambo walifundishwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia waliokaa Mwenzo. Wajerumani wale walikuja na taadhima kubwa ya Krismasi. Waskoti walitoka katika nchi ambayo kanisa lake, kwa karne nyingi, halikuitukuza siku hiyo, hata haikuwa sikukuu ya serikali kwao mpaka mwaka 1958. Ndiyo maana naamini kwamba bashasha anayoikuta mgeni Nakonde leo ni kazi ya wenyeji wenyewe, wala si urithi wa wamisheni.

Jambo la kwanza la kumshangaza mgeni ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, hata Krismasi inapoingia Tunduma kwa vigelegele saa sita ya usiku, hatua chache tu mbele yetu bado ni saa tano, na watu wangali katika mkesha wao. Kisha yaja maamkizi: mwenyeji humpokea mgeni kwa kumwambia "mwaiseni", na aliye mdogo huinama mbele ya mkubwa akipiga makofi ya taratibu, adabu ambayo mimi huipenda sana, na ambayo haipungui hadhi mbele ya shikamoo yetu. Kanisani Kibemba na Kinyamwanga hupokezana, na Mnyamwanga wa kwetu husikia lugha ya bibi yake ikimhubiria katika nchi ya watu. Na mezani, nshima ya kila siku huupisha wali na kuku. Na mchele huo, ambao Zambia nzima huuita wa Nakonde na kuusifu kwa harufu yake, kwa sehemu kubwa ni mchele wetu wa Kyela na Mbeya. Mchele wetu, basi, umekwisha kuhudhuria dhifa ambayo sisi wenyewe hatujahudhuria.

Walakini zipo tafauti zinazotaka busara. Tarehe 29 Desemba 1991, Rais Chiluba aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo, na tamko hilo likaingizwa katika katiba yao mwaka 1996, ilhali serikali yetu haina dini. Mimi naupenda utaratibu wetu, nao umetufaa. Lakini mgeni haendi kuipima imani ya mwenyeji wake. Aidha, tarehe 26 Desemba kwetu ni mapumziko, kwao si sikukuu, hata anayengoja siku hiyo ndipo aende kusalimu atawakuta jamaa wamekwisha kurudi kazini.

Ujirani, fauka ya hayo, ni wa pande mbili. Tangu kilipofunguliwa kituo cha pamoja cha mpaka mwaka 2019 kazi imekuwa nyepesi kuliko zamani, lakini bado madereva wa malori kutoka Zambia na Kongo hujikuta Tunduma usiku wa Krismasi, mbali na watoto wao, wakilala ndani ya magari. Na sahani ya pilau kwa mtu wa namna hiyo ni ihsani ambayo nyumba nyingi za mji huu zinaimudu.

Basi, msomaji wa Tunduma, Vwawa au Mlowo, mwaka huu tengeneza hati zako mapema, chukua zawadi ya watoto, uwe umefika Nakonde asubuhi ya tarehe 25 kabla ya ibada, wala usiulize bei ya kitu chochote mpaka utakapoagwa.