Bibi harusi, kikuku kisikuharibie siku

Rafiki yangu anafunga ndoa mwezi ujao ufukweni Bagamoyo, na ameamua kukanyaga mchanga bila viatu. Mama mkwe mtarajiwa kamletea zawadi: mkufu wa mguuni, ule unaoanzia kwenye kidole na kuzunguka kifundo. Mzuri kweli. Tatizo, rafiki yangu akivaa hereni za bei nafuu masikio huwasha na kutoa majimaji. Akaniuliza, "Shoga, nitamwambiaje mama wa watu?"

Kinachowasha mara nyingi ni nikeli, madini yanayochanganywa kwenye mapambo mengi ya bei ndogo. Jasho huyayeyusha kidogo kidogo, na kwa mwenye mzio vipele huweza kutokea baada ya siku moja au mbili. Kwa hiyo ukijaribu asubuhi ya harusi hutajua lolote, utajikuna fungateni. Jaribu wiki tatu kabla: vaa saa chache jioni mbili, kisha subiri siku kadhaa uone. Pakiwasha, vua mara moja, usijikaze.

Mwenye mzio achague shanga au kauri zilizotungwa kwenye uzi wa pamba, au fedha yenye alama ya 925, ambayo kwa kawaida huchanganywa na shaba. Pima jioni, maana joto huvimbisha miguu. Pete ya kidoleni ikibana, itoe mapema.

Ukipambwa, iwe hina ya majani. Piko jeusi mara nyingi huwa na kemikali ya rangi ya nywele, na wapo waliobabuka hadi kutoka malengelenge.

Jambo moja tunalosahau ni wazazi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiambiwe avue viatu ili picha zipendeze. Mchanga wa mchana unaweza kumuunguza, au gamba la kombe likamkata, naye asihisi. Kidonda hicho kinaweza kumgharimu mguu.

Na zawadi ya mama mkwe? Nilimshauri rafiki yangu amtume somo wake akaeleze kwa heshima, na mkufu ufungwe kwenye utepe unaoning'inia wa shada la maua, uonekane bila kugusa ngozi. Jibu lilirudi jioni ileile: "Kumbe! Hata mimi hereni hunisumbua."