Soya si dhambi, kuificha ndiyo dhambi

Kila siku soseji na nyama ya kusaga huvuka mipaka yetu ndani ya masanduku ya barafu. Wateja huuliza kwa nini soseji moja ikikaangwa hubaki laini, na nyingine husinyaa ikaacha mafuta kwenye kikaango. Jibu mara nyingi limo katika protini.

Chumvi hutoa protini ndani ya nyama iliyosagwa, nazo zikipata moto hushikana kama wavu unaozuia maji na mafuta. Nyama ikiwa duni au yenye mafuta mengi, wavu huo hulegea. Ndipo mtengenezaji huongeza ute wa yai, unga wa maziwa au soya. Unga wa soya uliokamuliwa mafuta una protini karibu asilimia 50. Soya iliyochujwa zaidi hufikia asilimia 90.

Mimi siilaumu soya. Ndugu zetu waliorejea kutoka makambini wanaijua vizuri, maana unga wa mahindi na soya uligawiwa huko na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), na watoto walinyweshwa uji wake. Ninacholaumu ni kuificha.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walitangaza matokeo ya kupima sampuli 139 za bidhaa za nyama. Asilimia 68 zilikuwa na aina za nyama zisizotajwa kwenye lebo. Soya na protini ya ngano pia zilikutwa bila kutajwa. Miaka kumi kabla, Uingereza iligundua minofu ya kuku kutoka Uholanzi iliyotiwa protini za nguruwe na ng'ombe ili ishike maji. Kwa Mwislamu hilo ni jambo la imani. Kwa mtu anayedhuriwa na soya ni hatari. Kwa mchuuzi ni hasara: ananunua maji kwa bei ya nyama.

Kwa hiyo nasihi mambo mawili. Mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki yakague lebo mpakani, yasiishie kukagua tarehe na mihuri. Nawe mfanyabiashara, ukiletewa soseji isiyotaja kilichomo, irudishe. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mwenye soseji nzuri ya soya haoni haya kuiandika.