Tupime Ufa Wenyewe

Makala nyingi zinazonifikia kuhusu matofali ya tanuri huanza kwa jedwali lilelile: uzito, vinyweleo, nguvu ya mgandamizo katika joto la chumba. Kisha mwandishi anahitimisha kuwa tofali lake litahimili mshtuko wa joto. Jedwali hilo halisemi hivyo, na toleo hili limekusanywa ili tulimalize jambo hili.

Tangu mtafiti Hasselman aandike mwaka 1969, tunajua kwamba kuzuia ufa usianze na kuuzuia usikue ni mambo yanayovutana. Tofali lenye nguvu kubwa huchelewa kupata ufa, lakini hulimbikiza nishati nyingi kabla ya kuvunjika, na ufa ukizaliwa nishati hiyo yote huusukuma kwa mkupuo mmoja. Katika tanuri la saruji, ambako klinka huiva kwenye nyuzijoto 1450 hivi, tanuri likizimwa kwa dharura na kuwashwa tena nyufa zitatokea tu. Fundi wa Wazo Hill au Tanga anataka kujua zitafika wapi kabla ya matengenezo yajayo.

Ndiyo maana tofali la magnesia na spineli linastahili kutazamwa kwa karibu. Likipoa baada ya kuchomwa, magnesia husinyaa zaidi kuliko spineli, na nyufa ndogondogo huchomoza kuzunguka kila punje ya spineli. Nyufa hizo hulipunguzia tofali nguvu. Anayepima mgandamizo peke yake atalikataa. Lakini ufa mkubwa ukipita humo hulazimika kupinda na kugawanyika, na nyuma ya ncha yake punje huendelea kuzishika pande mbili na kusuguana. Kila hatua ina gharama yake ya nishati. Viwanda vilipoanza kuyaacha matofali ya magnesia na kromu kwa sababu ya sumu ya kromu, hili la spineli ndilo lililoshika nafasi yao katika matanuri mengi. Lisingefika huko kwa sifa ya nguvu.

Jaribio la kabari la Tschegg, lililobuniwa Austria katika miaka ya 1980, linatupa kipimo tunachokihitaji. Kabari husukumwa polepole kwenye mfuo wa sampuli, ufa hukua kwa utulivu, na eneo lililo chini ya mchoro wa mzigo dhidi ya kufunguka kwa ufa, likigawanywa kwa eneo la mvunjiko, ndilo nishati ya mvunjiko. Utajiri wa mchoro huo uko mkiani, baada ya kilele, ambako punje zinang'ang'aniana. Maabara nyingi husimamisha hesabu mzigo unaposhuka hadi asilimia 15 ya kilele, na sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ni na mwandishi anayeukata mkia anapotaka, hasemi alipoukata, kisha anajilinganisha na wenzake.

Wenzetu wa modeli nao wana deni. Bado napokea hesabu zinazolipa tofali namba moja tu ya ushupavu, kana kwamba ni kioo alichokifanyia kazi mtafiti Griffith. Kioo hakina punje za milimita kadhaa. Hillerborg na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 1976, kwa zege, jinsi ya kuhesabu ufa ambao pande zake bado zinavutana; basi tuanzie hapo. Tena tuache kuendesha modeli ya nyuzijoto 1400 kwa vipimo vya joto la chumba. Huko juu sehemu za kioo kati ya punje hulainika, na ufa hubadili tabia kabisa.

Kwa hiyo nimeitanguliza makala inayopima kwa kabari ndani ya tanuru la maabara. Ni kazi ngumu, sampuli nyingi huharibika, na waandishi wametupa michoro yote bila kuficha ile mibaya. Inayofuata inasikiliza sauti za nyufa zinapofunguka, na ya tatu inazifuata kwa picha za kamera. Zote mbili zisomwe pamoja na ya kwanza.

Kuanzia toleo lijalo, kila makala ya mvunjiko itakayotumwa kwetu ije na mchoro mzima, joto la jaribio, na mahali hesabu iliposimamishwa. Isiyo navyo itarudishwa kwa mwandishi kabla ya kupelekwa kwa wasomaji wa kitaalamu.