PIN yako iko salama. Na mizani je?

Kila siku tunakukumbusha usimpe mtu PIN yako. Leo turudi nyuma kidogo, kabla pesa haijafika kwenye simu. Tuanzie kwenye mizani.

Ukipeleka majani kituoni, iwe upande wa Litein, Kapkatet au Mogogosiek, karani anayapima kwa mizani ya kielektroniki. Kilo zinaingia kwa namba yako, nawe unapewa risiti. Kilo hizo ndizo malipo ya mwezi, na ndizo bonasi. Baadaye kiwandani majani yananyaushwa, yanakatwa, yanachachushwa na kukaushwa, na kila hatua ina joto lake na muda wake.

Maoni yetu ni haya: kadiri mizani na mitambo inavyounganishwa na kompyuta, ndivyo inavyohitaji kulindwa kama simu yako. Mtu akichezea kilo kwenye mfumo, PIN haitakusaidia. Pesa itafika salama, lakini itakuwa kidogo. Na akisimamisha mitambo, majani mabichi hayangoji. Yakirundikana yanapata joto na kuharibika.

Utasema, mdukuzi ana shughuli gani na chai? Hata watu wa stima kule Ukraine hawakutarajia. Tarehe 23 Desemba 2015, wadukuzi walizima umeme kwa wateja wapatao 225,000. Mlango wao ulikuwa barua pepe yenye faili mbaya, iliyofunguliwa na wafanyakazi wa ofisini. Kutoka hapo walifika hadi kwenye kompyuta za kuendesha mitambo.

Hapa kwetu, Julai 2023, mfumo wa eCitizen ulishambuliwa, na kundi linalojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Siku hizo Wakenya wengi walishindwa kununua tokeni za stima kwa simu. Hakuna aliyehitaji PIN ya mtu kuleta shida hiyo.

Lakini tusisahau kilichoiokoa Ukraine. Wafanyakazi walienda vituoni wakawasha umeme kwa mikono, na ukarudi baada ya saa chache. Kwa hivyo teknolojia tunaipenda, ndiyo kazi yetu, lakini njia ya mkono isitupwe.

Viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA ni vya wakulima wenyewe. Mna hisa, na mnachagua wakurugenzi. Basi kwenye mkutano, pamoja na swali la bei, ulizeni pia haya:

- Nani anaweza kuingia kwenye mfumo wa mizani, na je, kila karani ana paswadi yake?
- Kompyuta za mitambo zimetengwa na zile za barua pepe za ofisi?
- Mfumo ukilala, kilo zitaandikwaje siku hiyo?

Hayo si maswali ya wataalamu pekee. Ni maswali ya mwenye mali.

Nawe nyumbani, soma risiti kabla ya kuondoka kituoni. Iweke, au ipige picha. Mwisho wa mwezi jumlisha kilo, ulinganishe na malipo yaliyoingia. Ukiona tofauti, peleka risiti kiwandani mapema, usingoje bonasi.

Na PIN? Bado usimpe mtu.