TAHARIRI: HERUFI ZA KATUNI NA HESABU ZA KILO



Karatasi ya kilo na makato ya korosho imekaa ukutani hapa wiki nzima na wengi mmepita bila kuisoma. Wengine mlidhani ni mwaliko wa sherehe ya chekechea. Hamkukosea sana, maana aliyeichapa huko mjini alitumia zile herufi za kompyuta zinazojifanya zimeandikwa kwa mkono, za mviringo, zenye kuyumba kidogo.

Herufi hizo zinaitwa Comic Sans. Alizichora Mmarekani, Vincent Connare, mwaka 1994, alipokuwa mfanyakazi wa Microsoft. Aliona programu ya wanaoanza kutumia kompyuta ambamo mbwa wa katuni anazungumza kwa herufi za gazeti, akaona haziendani. Akatazama vitabu vya katuni, akachora za namna hiyo. Programu ile hazikuiwahi, lakini baadaye ziliingizwa kwenye kompyuta nyingi zikaenea duniani. Kumbe makato yetu yameandikwa kwa herufi za mbwa!

Hata hivyo tusizidharau. Herufi a yake ni duara na kijiti, kama tuliyoandikiwa ubaoni sisi tuliojifunza kusoma ukubwani. Ile a ya vitabuni yenye kofia ilitutesa, bwana. Kwa darasa la jioni, kwa kibao cha chekechea, kwa tangazo la mpira, zinafaa kabisa.

Lakini kila herufi ina mahali pake. Mwaka 2012 wanasayansi wa CERN, kule Uswisi, walitangaza kupatikana kwa chembe ndogo waliyoitafuta miaka mingi. Mmoja wao, Bibi Fabiola Gianotti, alionyesha maelezo yake kwa herufi hizo hizo, basi watu wengi wakaacha sayansi wakaanza kubishana juu ya herufi. Kama wao yamewakuta, sembuse sisi na makato?

Tena kuna zito zaidi. Mwandiko wa karani tunaujua, na kilo zikipungua tunajua pa kwenda. Herufi za kuiga mkono siyo mkono wa mtu yeyote. Karatasi ile haina sahihi wala jina, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kwa macho inaonekana kama kuna mtu aliyeiandika.

Hivyo basi, tumekubaliana na Kamati ya Ushirika kwamba hesabu yote iandikwe upya na karani, kwa mkono wake, tarakimu kubwa, na sahihi chini. Itabandikwa mlango wa ghala Jumatatu asubuhi. Siku 7 za malalamiko zitahesabiwa kuanzia hapo, siyo kuanzia ile karatasi ya kwanza. Njooni na stakabadhi zenu mlinganishe kilo kwa kilo. Asiyeweza kusoma aje saa kumi jioni, nitamsomea.

Katibu wa Tawi